Pampu Iliyokunywa Upepo

"Mnaiuza kwa sababu imekataa maji siku moja? Na wewe Ta Elikana, ulipokataa chakula wiki nzima kwa malaria, mbona hatukukutangazia bei?"

Benigna alikuwa ameikalia pampu ya zimamoto ya kambi ya wavuvi, kanga kaifunga kiunoni. Mzaliwa wa Izimbya, alikuja kisiwani Bumbire kununua dagaa, akabaki. Siku alipotafutwa mtu wa kufundishwa mashine ile, wanaume wote walikuwa ziwani, akafundishwa yeye. Mwaka juzi aliizimia kambi moto. Ikiondoka leo, vibanda vyote vya nyasi na maturubai vitabaki kutegemea ndoo.

Lakini Elikana, mwenyekiti, alishamleta mnunuzi: Karugendo, mkulima wa nyanya wa Kimwani.

"Inanguruma tu, haivuti," alisema Elikana. "Ikitoa maji, Ma Benigna, nitakupigia magoti nikuamkie, mbele ya watu hawa!"

Watu wakapiga vigelegele. Kwa Wahaya anayepiga magoti kuamkia ni mwanamke.

"Mashahidi mmesikia," alisema Benigna, akashuka.

Karugendo akauliza, "Inashindwaje, na ziwa hili hapa?"

"Waitu, hii kubwa inajua kusukuma maji. Hewa haiiwezi, inazunguka bure kama mlevi anayepiga moshi ngumi. Ndiyo maana ina mdogo wake." Akagusa pampu ndogo ya mkono iliyofungwa ubavuni. "Huyu ananyonya hewa iliyo ndani. Hewa ikitoka, maji yanapanda yenyewe. Hujanyonya pombe ya lubisi kwa mrija?"

"Nimenyonya sana."

"Mrija ukitoboka?"

"Unakunywa upepo."

"Basi shika mpini huo, uvute."

Karugendo akavuta, jasho likamtoka. Benigna akapitisha pindo la kanga juu ya bomba la kunyonyea, polepole, mpaka kwenye kiungo. Pale pindo likanyonywa, chwi! Akafungua kiungo. Raba ya kuzibia haikuwepo.

Akageuka. Redio ya Elikana ilikuwa inaning'inia shingoni, haina kifuniko nyuma, betri zimebanwa kwa raba nyeusi, nene, ya mviringo.

"Maawe! Mwenyekiti!"

Akaichomoa ile raba. Taarifa ya habari ikakatika.

Raba ikarudi mahali pake, Karugendo akavuta tena. Pampu ndogo ikakohoa, ikatema povu, kisha ikatoa maji matupu. Benigna akafunga koki yake, akawasha injini. Maji yakaruka juu kuliko paa la kanisa, mnunuzi akalowa mpaka soksi.

"Hii msiiuze," alisema Karugendo akicheka, akaelekea kwenye mtumbwi wake.

"Magoti! Magoti!" watu wakaimba.

Elikana akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha goti moja kwenye mchanga wenye magamba ya samaki.

"Shikamoo, Ma Benigna."

"Marahaba, mwanangu." Akamwacha pale kidogo, ili na waliochelewa waone. "Goti la pili nimekusamehe. Inuka ushike mpira wa maji, unamwagilia jikoni kwa watu."