Kakakuona Aliyekataa Kuwa Mpira

Katika ofisi ile ya katuni walimwita Bi Samahani, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Aliomba radhi kwa kila kitu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba msamaha kwa kuuweka mahali unapopita. Siku mlango wa vioo ulipompiga kipaji cha uso, aliuambia mlango samahani, na walioshuhudia wanasema mlango ulionekana kuridhika.

Kazi yake ilikuwa mapokezi. Uongozi, kwa busara zake zisizopimika, ulitafuta mtu wa kukaribisha wageni ukamchagua mwanamke asiyeweza kumtazama mgeni usoni. Wageni walimpita, wakaingia chooni kwa makosa, wakarudi kuuliza ukuta ofisi ya mtayarishaji iko wapi. Naye alikuwa pale pale nyuma ya chombo cha maua, akiwajibu kwa sauti ambayo hata maua huenda hayakuisikia.

Wakati huo studio ilikuwa inaandaa katuni ya watoto kuhusu kakakuona mwenye haya aitwaye Kibunda. Kakakuona akiogopa hujikunja akawa kama mpira wa magamba. Kibunda alijikunja akisalimiwa, akajikunja akisifiwa, akajikunja hata alipoulizwa saa. Wanyama wenzake, kwa ule upendo wa kijirani, walimpiga mateke wakamchezea kandanda. Michoro ilikuwa tayari, ikabaki sauti. Wakaletwa waigizaji wa jukwaani, watu waliobobea, na kila mmoja alipojaribu kuwa na haya alisikika kama mwizi aliyejificha kabatini.

Adhuhuri moja fundi mitambo alitaka mtu yeyote akae mbele ya maikrofoni apime sauti. Mtu yeyote aliyekuwa karibu ni Bi Samahani. Akaingizwa kwenye kile chumba kidogo chenye kuta za sponji, akavishwa vidude vya masikioni, akaambiwa aseme chochote.

"Samahani," akasema, "niseme nini?"

Mtayarishaji, bwana mnene mwenye kipaji cha kugundua vitu baada ya wenzake, akanyanyua mkono. "Huyo ndiye. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Tangu siku hiyo ya kwanza alikuwa akimwita kwa jina la mfagiaji.

Msimu wa kwanza ulikuwa mwepesi. Kibunda alisema samahani, akajikunja, akapigwa teke, kipindi kikaisha. Watoto wakampenda kupita kiasi. Wakaanza kujikunja chini ya meza wakiitwa kuoga, na wazazi walioiachia televisheni kazi ya kulea wakapiga simu kulalamika kwamba televisheni hailei vizuri. Mtayarishaji akaitisha kikao. Ikaamuliwa Kibunda akue: msimu wa pili ajifunze kujitambulisha, msimu wa tatu apande juu ya jiwe awaambie wenzake kwamba yeye si mpira. Haya ya maisha mazima ikapangiwa ratiba, na tarehe ya kuisha ikapigiwa mstari mwekundu.

Katika msimu wa pili Bi Samahani alitakiwa kusema kwa sauti ya juu, "Mimi ni Kibunda." Asubuhi nzima alinong'ona. Aliambiwa apaze, akanong'ona kwa bidii zaidi. Mwishowe fundi mitambo, mtu wa maneno machache na chai nyingi, akazungusha kitufe, na Kibunda akanguruma. Ule ujasiri ambao magazeti yaliandika kuwa umegusa mioyo ya wengi ulikuwa kidole cha fundi mitambo.

Nyumbani hakukuwa na kitufe. Mumewe, fundi wa makochi, alikuwa mpole kama yeye. Walifahamiana mlangoni mwa duka, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, mpaka mvua ikawasukuma ndani wote wawili. Waliishi na wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kukaa siku chache wakati nyumba yake inapakwa rangi. Rangi hiyo lazima ilikuwa ya aina ya pekee, kwa sababu mwaka wa pili ulikuwa unakatika na bado haijakauka. Wifi alilala kwenye chumba ambacho Bi Samahani alikuwa akifanyia mazoezi ya kusoma. Rimoti ilikuwa yake. Sufuria alizipanga upya kwa utaratibu alioujua yeye na Mungu wake. Lakini majirani aliwaambia kwa fahari, "Yule kakakuona ni wifi yangu," kisha akageuka, "Wifi, hebu lete maji."

"Zungumza basi na dada yako," Bi Samahani alimwambia mumewe.

"Kuhusu nini?"

"Chumba."

"Nitamwambia," akasema mume, akatoka kwenda kupigilia misumari kochi ambalo lilikwisha jana yake.

Msimu wa tatu ukafika na lile jiwe lake. Hapo kidole cha fundi mitambo kiligonga mwamba: mnong'ono ukipandishwa kiasi hicho unasikika kama mafuta yanayokaangiwa samaki. Studio ikamleta mshauri wa kujiamini, kijana mwenye viatu vyenye ncha, akazungumza mpaka chakula cha mchana juu ya umuhimu wa kusikiliza. Akamtaka Bi Samahani ajitazame kwenye kioo na kujiambia, "Mimi ni simba." Bi Samahani akajitazama, akamwomba radhi aliyekuwa ndani ya kioo kwa kumkodolea macho.

Mtayarishaji akaona yatosha. Akamleta mwigizaji mwingine, mama wa lile tangazo la sabuni, ambaye sauti yake hutoa madoa hata kabla ya sabuni kufunguliwa. Bi Samahani akaambiwa arudi mapokezi apumzike kwa muda.

"Sawa," akasema, na akashukuru. Kisha akaketi nyuma ya maua, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba analia kwa hasira. Ile kazi alikuwa anaipenda. Mle ndani ya sponji ndimo pekee ambamo watu wazima walinyamaza wakamsubiri azungumze.

Jioni aliwasimulia wa nyumbani. Wifi akaacha kutafuna.

"Wamekutoa?"

"Hawajanitoa. Wamenipumzisha."

"Kesho nakwenda huko."

"Wifi, usiende."

"Umesemaje?"

"Nimesema usisumbuke."

"Wala si usumbufu," akasema wifi. Asubuhi akavaa viatu vyake vya kuendea harusini.

Aliyapita mapokezi kama wageni wote wanavyoyapita. Bi Samahani alipomfikia, wifi alikuwa ameshasimama katikati ya chumba cha kurekodia, mbele ya mtayarishaji na mama wa sabuni.

"Wifi yangu anasema mmemdharau," alikuwa akisema. "Wifi yangu anasema hakubali. Na mjue huyu si mtu wa kusema. Hata nyumbani kila kitu namsemea mimi. Bila mimi angekufa njaa kwa kuona haya kuomba chumvi."

"Sikukutuma," Bi Samahani akasema.

Hakuna aliyesikia. Wifi alikuwa ameingia kwenye habari za chumvi kwa undani.

"Wifi, sikukutuma. Mdomo ninao mwenyewe, na jikoni ni kwangu!"

Neno jikoni halikuwa na uhusiano wowote na shauri lililokuwa mbele yao, lakini lilitoka. Na lilitoka kwa sauti ambayo mwenyewe hakuwahi kukutana nayo. Mama wa sabuni akarudi nyuma hatua moja. Mtayarishaji aligeukia kioo cha fundi mitambo, macho yakimng'aa.

"Umeinasa?"

Katika katuni yenye adabu, fundi angekuwa ameinasa. Fundi alikuwa amekwenda kuchukua chai.

"Rudia," mtayarishaji akaomba. "Hivyo hivyo. Wifi yako abaki pale pale alipo."

"Hapana. Yeye atoke." Laiti angekuwa na magamba angejikunja papo hapo. "Na wewe pia, tafadhali, kasubiri nje."

Wakatoka wote wawili, wakaketi mapokezi wakisema kwa wakati mmoja, na hakukuwa na mtu wa kuwakaribisha.

Fundi akarudi na kikombe chake. Bi Samahani akasimama mbele ya maikrofoni akaitafuta ile sauti kubwa. Ilikuwa imeshajiendea zake. Iliyobaki ilikuwa yake ya kila siku, ila safari hii haikuingia chini ya meza.

"Mimi si mpira," akasema. "Nimechoka kupigwa mateke. Mkitaka kucheza na mimi, niiteni."

Mama wa sabuni, ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa, alikunja karatasi yake ya maneno ya Kibunda. "Mimi ningepiga kelele tu," akasema, akachukua mkoba wake.

Mtayarishaji aliposikiliza, alikuna kidevu. "Ni ndogo. Tutaweka ngoma chini yake." Ziliwekwa ngoma nyingi kiasi kwamba siku ya kurushwa ungedhani Kibunda amevamia nchi ya jirani.

Wifi alimnunia Bi Samahani siku kadhaa, adhabu kali ambayo nyumba nzima iliipokea kwa utulivu. Kisha asubuhi moja, wakinywa chai, Bi Samahani akamwambia kwamba anakihitaji chumba chake. Mumewe akamsaidia kwa kutoinuka mezani, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa ushujaa. Wifi akasema alikuwa anaondoka hata hivyo, rangi imekauka. Siku hizi huja kila mchana kula, ila hubisha hodi.

Msimu ulipokwisha palifanyika hafla. Mtayarishaji alihutubia kirefu jinsi alivyomjenga mhusika hatua kwa hatua, asisahau kujishukuru. Baadaye mwandishi wa habari akamfuata Bi Samahani kwenye kona aliyojichagulia.

"Kwa hiyo Kibunda hana haya tena?"

"Anayo," akasema. "Anajikunja kama zamani. Ila hajikunji tena katikati ya uwanja."

Mwandishi akamwomba aongeze sauti, kinasa sauti chake hakikushika vizuri. Bi Samahani akamwambia akisogeze.