Wifi Kwenye Kitanda cha Vipimo

Mpimaji wa moyo alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na saba ya uhasama na wifi yake. Mumewe alipofariki, dada huyo wa marehemu alibadilisha kitasa cha nyumba wiki ileile, akamtupia nguo zake uani. Siku ya mazishi wifi alizimia kaburini. Mpimaji akawaambia waliokuwa jirani kwamba yale yalikuwa maigizo, na maneno yakamfikia wifi.

Jumatatu moja asubuhi wifi aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa ameanguka kwenye foleni ya benki. Alipoona nani atampima alitaka arudishwe. Akaambiwa mpimaji ni huyo mmoja tu.

"Usinisemeshe," alisema. "Pima."

Mpimaji alimpaka jeli, akambandika nyaya kifuani kama anayebandika tangazo ukutani. Karatasi ikatoka: mapigo thelathini na manne kwa dakika. Daktari wa zamu aliitupia jicho, akasema vidonge vya presha ndivyo vinavyoupunguza mwendo wa moyo, avipunguze aende zake nyumbani.

Daktari alipotoka, mpimaji alichukua kipande cha karatasi tupu, akakilaza juu ya mchoro wa mapigo, akatia alama za penseli chini ya vilima vidogo, ambavyo ni vyumba vya juu vya moyo vikipiga, akakisogeza mbele. Vilifuatana sawasawa, themanini kwa dakika. Ncha ndefu, za vyumba vya chini, nazo zilikwenda sawasawa, ila kwa mwendo wao, bila kujali vilima. Umeme ulitoka juu ukafia njiani. Huko chini moyo ulikuwa unajipigia wenyewe, polepole, usije ukasimama.

Akatafuta faili la zamani la wifi. Ndani mlikuwa na kipimo cha mwezi ule wa mazishi: kila kilima kilichelewa mno kufikia ncha yake, na daktari aliyekisoma aliandika hakuna tatizo. Mpimaji aliona haya, na haya hiyo ikamwongezea hasira.

Akamfuata daktari. "Huyu akienda nyumbani atakufa."

Daktari alimuuliza tangu lini wapimaji wanafundisha madaktari.

"Pima mwenyewe," alijibu, akamwekea karatasi na penseli.

Daktari alipima mara mbili, kisha akanyanyua simu bila kumtazama. Alasiri wifi aliwekewa betri ya moyo.

Kesho yake mpimaji alikwenda wodini, akasimama miguuni pa kitanda. Alisema siku ile kaburini alimsingizia.

"Najua," wifi alisema. "Mimi niliyokutendea siyafuti."

"Sikuja kwa ajili ya hayo."

"Basi umeshasema. Nenda."

Sasa wifi huja kila baada ya miezi sita kukaguliwa. Huvua blauzi akiangalia ukuta. Mpimaji humbandika nyaya, huhesabu mapigo, huandika sabini. Hawajawahi kusalimiana.