Mlango Uliofungwa Mchana

Mpaka leo nikikumbuka chuo kile, damu inanichemka. Nafundisha hesabu shule ya msingi hapa Mahege, na mwaka mzima nilipanga kusoma shahada ya sayansi ya kompyuta kwa mtandao. Mtihani wa kujiunga ulikuwa na masharti: ukae peke yako, mlango ufungwe, usiongee, kamera ikuone muda wote.

Huku kwetu mchana mlango haufungwi mtu akiwa ndani, labda awe mgonjwa hoi. Siku ya mtihani, mchana, nimejifungia ndani, jirani yangu, mama mtu mzima, akapiga hodi. Sikuitika. Akaniita kwa jina, mimi kimya, macho kwenye swali la tisa. Akapiga yowe. Watu wakatoka mashambani mbio, wakavunja komeo, wakanikuta mzima, nimekaa mbele ya kompyuta.

“Mwanangu, tulijua umeshatutoka!” akalia yule mama, amenikumbatia mbele ya kamera.

Mtihani ukafutwa palepale. Kesho yake chuo kikanitaka nieleze kwa maandishi wale waliovamia chumba cha mtihani ni akina nani. Waliovamia! Niliandika kwa hasira: “Hao ndio watakaonizika. Nyinyi ni nani?”