Mpango wangu wa maisha ulikuwa na kila kitu, na mke wangu aliogopa kuuvuruga

Wakuu, salamu kutoka Embu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na nitayaeleza yalivyokuwa. Nimechelewa kuyaandika kwa sababu kila nikianza, naacha.

Nina miaka hamsini na mbili. Ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nimepanga chumba hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, lakini nyumbani ni Ruiri, upande wa Meru, na huko naenda kila mwisho wa mwezi.

Shule niliacha Form Two. Mambo ya budget, savings na retirement nilijifundisha kwa vitabu vya mitumba.

Nilipooa, niligawa maisha yetu kwa hatua. Kwetu akiba ya mkulima ni mikima, ile miti ya mbao tunayopanda mipakani mwa shamba. Nikapanda mistari minne. Wa kwanza ulikuwa wa sekondari ya kijana wetu Mwenda. Wa pili, college yake. Wa tatu, masomo ya dada yake Makena. Wa nne, uzee wetu.

Sheria ilikuwa moja: mstari haukatwi kabla ya hatua yake.

Majirani walinicheka. Mmoja alikuwa akiniuliza kama miti yangu hupigiwa kengele kama wanafunzi. Ndugu yangu wa tumbo moja aliomba mti mmoja tu wa paa la jikoni, nikamkatalia. Mke wangu Kendi alikuwa amesimama hapo akisikia.

Na mpango ulifanya kazi. Mwenda alimaliza Form Four bila kurudishwa nyumbani hata siku moja. Akaingia college, tukakata mstari wa pili.

(Wenye miti, msiuze kwa broker anayekadiria kwa macho. Pima kwanza. Mambo kama hayo nilikuwa nayajua vizuri sana.)

Kendi alikuwa na meza ya kabeji na viazi katika soko la Gakoromone, Meru mjini. Mwenda alipokuwa mwaka wa pili college, niliona Kendi anakunywa uji tu. Nikiuliza, anasema hana njaa, au ni gesi. Nilimletea dawa ya gesi. Alikonda, akasema ni jua la sokoni. Watoto wote walikuwa mbali, Makena akiwa bweni, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kula naye kila siku.

Sasa hapa ndipo huwa naacha kuandika.

Kila mwisho wa mwezi tulikaa mezani, nasoma daftari, yeye anasikiliza. Niliona matumizi ya chakula yameshuka miezi mitatu mfululizo. Nikamsifu. Nilimwambia akina mama wote wangekuwa kama yeye, nchi hii ingeendelea. Aliinamisha kichwa akatabasamu.

Wakuu, mke wangu alikuwa hawezi kumeza.

Siku moja nikiwa stoo nilipigiwa simu na Mama Fatuma, jirani yake wa meza sokoni. Alisema, "Baba Mwenda, kuja. Huyu mama ameanguka. Hata maji hayapiti."

Daktari alisema ni saratani ya koo la chakula. Akamuuliza imeanza lini. Kendi akaangalia ukuta, akasema ni zaidi ya mwaka. Daktari aliweka kalamu chini.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ukate mstari gani?" akasema. "Ule wa Makena? Ama ule wa uzee? Wewe ulisema haukatwi."

Nilisema ningekata yote.

"Ndugu yako ulimnyima mti mmoja, Baba Mwenda." Hakusema kwa hasira. Kisha akacheka kidogo, sauti ikiwa imekwama. "Na vile ulifurahi chakula kupungua. Nikaona wacha nikuachie hiyo furaha."

Niliuza mistari yote miwili iliyobaki siku moja, kwa broker, bila kupima. Kendi aliwekewa mpira wa kupitishia chakula. Tulikuwa naye miezi minne. Mwenda alimaliza college wiki tano baada ya kumzika mama yake. Kwenye picha ya siku hiyo hakuna anayecheka.

Somo langu si kwamba msipange. Pangeni. Makena sasa anasoma kwa mshahara wangu na ni vigumu, kwa hiyo najua thamani ya mpango. Lakini kila mpango uwe na mlango wa kuuvunja, na mwenzako aambiwe waziwazi kwamba anaweza kuufungua bila kuomba ruhusa. Mimi niliandika karo na uzee. Kwa ugonjwa nilitenga pesa ya malaria tu. Na namba ikishuka, uliza imeshukaje kabla ya kufurahi.

Sihitaji pole, zimenitosha. Ninaomba kitu kimoja. Wale ambao waume au wake zenu walificha maumivu ili wasiharibu bajeti, na mkagundua mapema, niambieni mligunduaje.

Mimi nilikuwa nakaa naye meza moja na sikugundua.