Nilimkaribisha Mtu wa Meli ya Mbata

Wallahi sikuota, wala sikuwa na homa. Anayetaka kucheka na acheke. Mama yangu yuko kaburini.

Nilikuwa nnamuuguza nyumbani kwetu, Kiembe Samaki. Babu alichukuliwa vitani mama akiwa bado tumboni, na meli yao haikurudi. Khabari hakuna, maiti hakuna, na bibi akakataa katakata: "Msafiri hasomewi khitma." Mama akakua akimngoja baba yake, akazeeka akimngoja.

Jioni moja, baada ya magharibi, nimekaa Forodhani nnakula urojo, akasimama mbele yangu kijana wa kaptura ya kaki, maji yanamchuruzika. Shikamoo hakunipa, nikaudhika. Lakini adabu ni adabu: "Karibu."

"Ahsante, binti. Tumbo limejaa."

Binti! Mimi na mvi zangu! Nikamuuliza mbona kalowa. Akasema katoka melini. Zamani meli ile ikichukua mbata. Vita vilipokuja wakapigilia vitanda vya mbao mle ghalani, wakawajaza askari. "Harufu ya mbata haikutoka. Tumezama nayo." Na kweli alinuka nazi kavu iliyovunda.

Masikini, nikajisemea, akili zimemruka.

"Nnamtafuta mwanangu," akasema. "Nikaribishe kwako."

Nami, ili aondoke tu: "Karibu nyumbani, mwanangu." Ulimi huu! Nikainama kuweka bakuli, nikiinuka hayupo.

Nyumbani nikakuta sakafu imelowa kutoka mlangoni mpaka kitandani. Mama, ambaye hata kugeuka alikuwa hawezi, kakaa kitako anacheka. "Baba kaja! Kasema wewe ndiye uliyemkaribisha. Kijana, mwanangu, kijana kuliko wewe!"

Alfajiri akafa. Waliomwosha walimfuta midomo mpaka wakachoka. Maji ya chumvi hayakukatika.

Tungeishia hapo ningeshukuru. Lakini kila magharibi mlango wangu unabishwa, sauti mbili, ya yule kijana na ya mama. "Hodi." Khitma tumeshawasomea wote wawili, na bado. Mama yangu mzazi anabisha hodi nyumbani kwake, mimi nipo ndani nimeuma kanga, siitiki. Unaijua adhabu hiyo? Majirani nao washaacha kuja, maana simjibu mtu.

Basi nawe usiseme karibu kwa mazoea. Mtazame mtu kwanza, umjue katoka wapi. Jana mama aliniita kwa jina la utotoni, mkono wangu ukafika kwenye komeo. Adhana ya magharibi ndiyo hiyo inaadhiniwa, na mimi nimechoka kunyamaza.