Mzee Aliyeninyima Mkono wa Amani

Jumapili ya kwanza nilidhani hakuniona. Padri alipotuambia tupeane amani, yule mzee wa benchi la mbele yetu aligeuka, akamshika mkono mama aliyekaa kushoto kwangu, kisha akanyoosha mkono akamfikia bwana aliyekaa kulia kwangu. Mimi nilikuwa katikati. Mkono wangu ulibaki hewani, nikauingiza kwenye mkoba kana kwamba natafuta leso.

Jumapili ya pili alifanya vilevile. Hapo nikajua ni mimi.

Mzee huyo tulikuwa tumejuana miaka mingi. Alistaafu kazi ya reli, akajenga hapa Voi si mbali na kanisa letu, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Mimi ni fundi wa nguo sokoni, na suruali zake zote nilizipunguza mimi, maana hununua ndefu kila mara. Nilipolazwa hospitali mwaka uliopita, yeye na mkewe walikuja kuniombea. Kwao ni Bura, kule mlimani. Mimi nimezaliwa Voi, lakini wazazi wangu ni Wakamba. Baba alikuja kukata mkonge.

Kilichokuwa kimetokea kati ya maombi yale ya hospitali na Jumapili hizo ni mkutano wa siasa. Mgombea mmoja alipanda jukwaani akasema wakuja, watu waliotoka kwingine, sasa wametosha, wamechukua ardhi, wamechukua kazi na hata vibanda vya soko. Watu walipiga makofi. Kesho yake sokoni watu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, kila mmoja na wa kabila lake. Kwenye simu, mtu akatuma video ya ile hotuba katika kundi la jumuiya. Mmoja wetu akajibu kwa matusi ya Kikamba akidhani wengine hawaelewi. Walielewa. Baada ya hapo kundi likanyamaza kabisa, hata maombi ya wagonjwa hayakutumwa tena.

Dada yangu aliniambia nihame jumuiya. "Kwani hiyo amani ni yake?" akasema. "Nenda kanisa lingine ukae na watu wako."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nililia nikiwa kwenye cherehani, mteja akauliza kama ni mafua. Lakini chini ya ile hasira kulikuwa na swali ambalo halikuniacha. Mtu aliyesimama kando ya kitanda changu akaniombea kwa machozi, je, siku ile pia alikuwa na neno hili la wakuja moyoni? Alilibeba tangu lini?

Nilipiga magoti nikimwomba Mungu amwaibishe. Sala hiyo haikwenda mbali. Kila nilipoianza, nilimkumbuka Yesu akiuliza watu maswali. Alimuuliza kipofu anataka nini, ingawa kila mtu aliona ni kipofu. Pale kisimani alimwomba maji ya kunywa yule mama Msamaria, ambaye watu wake na Wayahudi hawakupatana. Kama yeye aliuliza, mimi nisiyejua kitu ningeachaje kuuliza?

Nikaenda nyumbani kwa mzee. Mkewe alinipokea kwa uso wa kawaida, nikaona anajua nilichofuata.

"Mwenyewe yuko Bura tangu Jumatatu," alisema. "Mfuate huko. Hapa nyumbani haongei, lakini shambani atakujibu." Kisha akaingia ndani, akatoka na pakiti ya vidonge. "Na umpelekee dawa ya presha. Ameisahau."

Nilimkuta kwenye shamba la kabichi, ameinama, anang'oa magugu. Kulikuwa na baridi ambayo sisi wa Voi hatuijui.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele, amina," akajibu kwa mazoea, kabla hajaona ni nani. Nikampa dawa. Aliziangalia, akaziweka mfukoni. "Umetoka Voi kuniletea hizi?"

"Hizo nimepewa na mama nilipopita nyumbani kwako. Mimi nimekuja kuuliza kwa nini hunipi amani."

Aliendelea kung'oa magugu.

"Amani si kitu cha kutoa kwa uongo," alisema hatimaye. "Nikikushika mkono na moyo haumo, nitakuwa nimemdanganya Mungu mbele ya altare yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba ananinyima mkono kwa sababu anauheshimu.

"Basi niambie, baba. Moyoni kuna nini?"

Alisimama, akanyoosha kidole kuelekea chini kwenye tambarare, ambako mistari ya mkonge ilionekana kwa mbali. Akasema pale ndipo nyanya yake alipochunga ng'ombe. Ardhi ilichukuliwa, mkonge ukapandwa. Halafu nyapara mmoja akapanda mlima kumwambia baba yake ashuke akapewe kazi ya kuukata.

"Baba alikataa. Alisema hawezi kulipwa mshahara ili aingie kwao. Wengi walikataa. Basi malori yakaleta watu kutoka mbali. Mimi nilikuwa mdogo. Nilikuwa naona baba akisimama hapa anayatazama yale malori, hasemi kitu. Sasa yule mwanasiasa aliposema wakuja, mimi sikumsikia yeye. Nilimwona baba."

Sasa nilikuwa na jambo ambalo sikujua kama ni busara kulisema. Baba yangu alikuwa na hadithi aliyopenda kutuchekesha nayo tukiwa watoto. Alisema watu wa milimani walikuwa wavivu, walipewa kazi wakaikataa, ndiyo maana sisi tukala ugali. Tulicheka kila mara. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini walikataa, na nadhani hata yeye hakuuliza.

Nikamwambia mzee hadithi hiyo jinsi ilivyokuwa, pamoja na kicheko chetu.

Alipangusa udongo mikononi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akaniuliza habari za kwetu.

"Na baba yako aliondoka kwao kwa nini?"

"Njaa. Ng'ombe walikufa wote. Alikuwa hajaota ndevu."

"Akakata mkonge mpaka lini?"

"Mpaka mwiba ulipomtoboa jicho."

"Amezikwa Ukambani?"

"Hapa Voi. Hakurudi."

Akakaa kwenye ukingo wa mfereji. "Nilidhani wote walikuwa na kwao pa kurudi," akasema.

Nikakaa kando yake. Baba yangu alipata kazi kwa sababu baba wa mzee huyu aliikataa, na wote wawili hawakupata ardhi.

"Usidhani hasira yangu imeisha," alisema.

"Hata yangu haijaisha."

Akacheka kidogo. Akasema basi tumpelekee Mungu hivyo hivyo. Tukasali Baba Yetu, yeye kwa Kidawida, lugha ya kwao mlimani, mimi kwa Kikamba. Alimaliza kabla yangu, akanisubiri. Kisha akanikatia kabichi mbili na mchicha, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata aligeuka akanipa mkono. Hakusema neno zaidi ya lile la Misa. Wiki hiyo aliita jumuiya nyumbani kwake, akaomba kila mtu aeleze jinsi wazazi wake walivyofika Voi, au walivyokuwa hapa kabla ya wengine. Haikuwa rahisi. Bwana mmoja aliondoka katikati akisema haya ni mambo ya kuchochea. Dada yangu mpaka leo hataki kusikia. Mambo ya ardhi yako palepale, na mwanasiasa yule atarudi. Lakini mama mmoja alituma kwenye kundi ombi la mjukuu wake mgonjwa, na watu wakajibu, kila mmoja kwa lugha yake.

Mimi nilienda kwa mama yangu. Amezeeka sana. Tulikuwa tunachambua maharagwe, nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu kambi ya wakataji mkonge.

"Mbona hujawahi kuuliza?" akasema.

Akanieleza kwamba wanawake wa milimani walikuwa wakishuka na mboga kuuza kambini. Mmoja alimfundisha kupika kimanga, kuponda muhogo na maharagwe mpaka vishikane. Hawakuwa na lugha ya pamoja, kwa hiyo alimshika mikono akamwonyesha.

"Alikuwa na hasira na nyinyi?" nikauliza.

Mama alifikiri. "Labda. Sikuwa na maneno ya kumuuliza."

Nikaweka maharagwe jikoni, nikarudi kukaa karibu naye, nikamwomba aanze tena kuanzia siku aliyoshuka kwenye lori.