Mlenda Wenye Harufu ya Sabuni

Binti yangu wa kwanza alizaliwa wakati pua yangu imekufa. Mafua makali yalinishika mwezi wa mwisho wa ujauzito, yakaondoka na harufu zote. Wageni waliokuja kutuona nyumbani kwetu Nzuguni walimpakata mtoto, wakanusa utosi wake na kufumba macho. "Jamani, harufu ya kichanga," walisema. Nami nilitabasamu kana kwamba najua wanachozungumzia. Niliwaonea wivu wa kweli, na sikumwambia mtu. Mama gani hajui harufu ya mwanawe?

Kabla ya hapo nilikuwa na pua ya umbea. Ningekuambia jirani yupi anakaanga dagaa na yupi ameunguza maharage. Sasa chakula kilibaki chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Hata mlenda, mboga niliyolelewa nayo, ulikuwa utelezi wenye chumvi unaoshuka kooni.

Wiki ya tatu mama mkwe akaja kutoka kijijini, upande wa Zuzu, kunitunza. Alibeba mfuko mmoja tu. Ndani mlikuwa na mlenda mkavu uliotwangwa na miche mitatu ya sabuni ya kufulia nepi, vimebanana safari nzima. Siku hiyohiyo aliingia jikoni, akaupika mlenda kwa karanga na kusonga ugali wa uwele.

Mume wangu alichovya tonge, akatafuna mara moja, kisha akakumbuka jambo la haraka huko nje. Mama mkwe mwenyewe alionja, akasita. Mimi nilimaliza bakuli zima nikaomba la pili.

"Mama, mlenda wako mtamu kweli," nikasema.

Akaweka tonge lake chini. "Mwanangu, unanicheka?"

"Hapana, mama."

"Mlenda huu unanuka sabuni. Hata mumeo ameukimbia."

Nilitaka kutunga uongo, lakini machozi yakanitangulia. Nikamweleza yote, kwamba kwa wiki tatu namnyonyesha binti ambaye sijui anavyonukia. Nilitegemea anionee huruma. Badala yake alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikasirika, halafu nikaliona bakuli langu nililolilamba likang'aa, nami nikaangua kicheko.

Siku ya kliniki ya mtoto tulimuuliza muuguzi. Alituambia kwamba ulimi peke yake unajua mambo machache. Mengi tunayoyaita ladha ni harufu, inayopanda puani kupitia nyuma ya mdomo tunapotafuna. Huko juu ndiko mafua yalikofanya uharibifu. Mara nyingi sehemu hiyo hujijenga upya polepole, alisema, ila si kwa kila mtu. Akanishauri ninuse vitu vinne kila siku, huku nikijitahidi kukumbuka vinavyonukia.

Mama mkwe alilishika agizo hilo kuliko mimi. Kila asubuhi alinikalisha mkekani, akanipitishia kahawa, karafuu, ganda la ndimu, na mwisho utosi wa mtoto. "Haya, kumbuka," aliamuru, na nikishindwa ananigombeza kama mwanafunzi mvivu. Majirani nao wakaanza kuleta vyao: kitunguu saumu, ubani, mmoja hata soksi ya mumewe. Ile soksi nilishukuru sikuisikia. Tulicheka sana asubuhi zile, lakini kila utosi ulipopita chini ya pua yangu bila kitu, moyo uliniuma upya.

Mwezi wa pili ukaisha, na mama mkwe akawa amefunga mzigo wa kurudi shambani. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemweka mtoto begani acheue. Akacheua kweli, maziwa yakanimwagikia shingoni. Nikashtuka, si kwa joto lake. Kulikuwa na kitu kichachu hewani, na mdomoni sikuwa na chochote. Nikageuza kichwa, nikazamisha pua kwenye shingo ya binti yangu. Chini ya ule uchachu kulikuwa na kitu kingine, chepesi na kitamu, ambacho mpaka leo sijakipatia jina.

Mama mkwe akanyoosha mikono. "Mlete nimwogeshe kabla sijaondoka. Ananuka huyo."

"Ndiyo, mama, ananuka," nikasema, nikambana zaidi kifuani, na sikumpa.